Vijana wa guta la taka Kibirizi: nimewalipa miezi kumi na moja, haya ndiyo niliyoyaona

Mimi nauza chakula Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, hatua chache kutoka zinapofunga boti za Kagunga na za Gombe. Ugali wa muhogo, migebuka ya kukaanga, dagaa wa mawese, na maharage kwa wasiokula samaki. Nina meza nne, majiko matatu na mabinti wawili wa kunisaidia. Kila wiki kuna mtu ananiuliza kama wale vijana wa guta, kikundi kinachotuzolea taka mtaani, wanastahili kulipwa, na jibu langu ni refu kuliko muda wa mteja kusubiri sahani, kwa hiyo naliandika hapa lote.

Nalipa shilingi 5,000 kwa mwezi. Nyumba za kawaida zinalipa 2,000. Sisi wa vyakula tunalipa zaidi kwa sababu taka zetu ni nyingi na zinanuka haraka. Wanapita Jumanne na Ijumaa kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukilipa unaandikiwa risiti yenye muhuri wa kikundi, na yule binti mtunza hazina anaweka alama kwenye jina lako katika daftari analolibeba ndani ya mfuko wa kitambaa begani. Daftari nalitaja mapema kwa makusudi. Kabla yao nilimlipa mtu mwingine miezi mitatu. Pesa alikuja kuchukua tarehe moja bila kukosa, taka alichukua siku anayotaka, na mwezi wa nne hakuonekana tena. Hawa, tangu nianze nao, wamekosa kufika mara sita, na zote sita zimeandikwa kwenye daftari lao wenyewe. Mwezi waliokosa mara mbili walinipunguzia elfu moja bila mimi kuomba.

Nilivyokutana nao, lakini, hakukuwa kuzuri.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya usafi. Mvua za masika zilikuwa zimekolea. Walipita mwaloni, hapa boti na wavuvi wanapofikia, na mafagio ya chelewa, mareki na kipaza sauti, wakiimba na kuwaita watu watoke. Mimi nilikuwa jikoni, sikutoka. Mchana dada yangu wa Ujiji akanitumia picha kwenye simu. Ilikuwa ya nyuma ya kibanda changu: lailoni, chupa za maji, magamba ya samaki, maganda ya muhogo, na bata wamesimama juu ya lile rundo wanadonoa. Ilikuwa imewekwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na chini yake wameandika: "Hapa ndipo chakula chetu kinapopikwa."

Nilifunga biashara saa nane. Nililia. Kwa miaka kumi na mbili nimelisha watu wa mwalo huu, wengine nikiwakopesha mpaka giza liingie ndipo waende ziwani wapate cha kunilipa, halafu watoto niliowajua wakiwa na sare za shule ya msingi wananivua nguo mbele ya mtaa mzima.

Kesho yake nikawafuata chini ya mwembe wanapokutana. Nikawaambia maneno hayo hayo: "Wanangu, mmenivua nguo." Mwenyekiti wao, kijana wa miaka ishirini na kitu, alisimama, wenzake nao wakasimama, wakaniamkia. Hakubishana. Aliifuta picha mbele ya macho yangu na jioni ile akaandika kuniomba radhi kwenye kundi lile lile. Tangu siku hiyo hawapigi picha ya eneo la mtu bila kumwomba, nimelifuatilia hilo na ni kweli. Ila nilipogeuka kuondoka, yule binti wa daftari aliniambia kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa: "Mama, picha tumekosea. Lakini taka ni zako."

Sikuwa na jibu. Kila siku nilikuwa nazitupa pale nikijua mvua itazichukua. Na mvua ilizichukua kweli, ikazipeleka ziwani, ambako sio mbali, ni hatua kama arobaini. Ziwani huko huko ndiko mabinti wangu wanachota maji ya kuoshea vyombo.

Jumanne iliyofuata nikaanza kulipa.

Sasa niseme huduma yenyewe. Wanakuletea viroba vitatu, vile vya mchele vilivyokwisha kazi. Kimoja kimechorwa jani kwa rangi ya kijani, kimoja kimechorwa chupa, kimoja kina msalaba mwekundu. Jani ni kwa ajili ya maganda, mabaki ya chakula na majivu yaliyopoa. Chupa ni chupa na plastiki ngumu. Msalaba ni yote yaliyobaki. Wamechora badala ya kuandika kwa sababu kwenye majiko mengi ya huku anayetupa taka ni binti ambaye kusoma ni kwa shida, au mtoto mdogo. Nimependa kwamba walilifikiria hilo bila kumwaibisha mtu.

Ukichanganya, hawachukui. Hapa ndipo watu wengi wanapokasirika na kuwaacha. Wiki ya pili kijana wa guta alifungua kiroba changu cha jani, akakuta lailoni tatu na kopo la nyanya, akakifunga vizuri na kukirudisha pale pale kilipokuwa. "Mama, tutakipitia Ijumaa." Siku tatu kiroba cha matumbo ya samaki kwenye joto la Kigoma! Nilimchukia yule kijana. Ijumaa kila kitu kilikuwa mahali pake, na mpaka leo hawajanirudishia tena. Mabinti wangu sasa wanatenganisha hata nyumbani kwao.

Mwezi wa tatu wa kulipa nilitaka kujua pesa yangu inaishia wapi. Nilishasikia habari za wazoa taka wanaotoa uchafu kwa mwenye pesa na kwenda kuumwaga kwenye korongo la asiye na pesa. Basi Ijumaa moja niliwaachia mabinti kibanda, nikapanda bodaboda, nikamwambia dereva afuate guta kwa mbali. Walipanda mlima, wawili wanasukuma na mmoja anashika usukani, jasho linawatoka, wakaingia kwenye kiwanja chenye michikichi ambacho mzee mmoja amewaazimisha. Nikashuka. Walishangaa kuniona ila hawakuficha kitu. Yule mzee akanipa kiti.

Nilikaa pale karibu saa mbili. Viroba vya jani wanavimwaga kwenye mashimo, tabaka la maganda, tabaka la udongo na nyasi kavu, kisha maji. Wanageuza kwa uma kila baada ya siku kadhaa. Nilitia mkono kwenye shimo la zamani kabisa: udongo mweusi, una uvuguvugu, hauna harufu ya samaki hata kidogo. Mboji hiyo wanawauzia watu wenye vitalu vya miche ya michikichi, na huku kwetu tangu zao hilo lianze kuhimizwa upya vitalu vimekuwa vingi. Chupa zinafunguliwa vifuniko, zinakanyagwa, zinajazwa kwenye magunia makubwa na kupimwa kwa mizani ya kuning'iniza, zikisubiri mnunuzi mwenye gari. Vifuniko vinauzwa peke yake. Wananitunzia hesabu: kwenye miezi ile mitatu kibanda changu peke yake kilikuwa kimetoa magunia manne ya chupa. Manne. Nilisimama pale nikiyatazama, nikajumlisha miaka kumi na mbili.

Lakini nyuma ya kiwanja niliona pia shimo linalofuka moshi. Pempasi, lailoni, vipande vya godoro. Walikuwa wanachoma vya kiroba chekundu. Nilikasirika, na nikawaambia hapo hapo kwamba hamuwezi kunirudishia kiroba changu kwa lailoni tatu halafu nyinyi mnachoma mia tatu na moshi unaingia kwenye nyumba zenye watoto. Mwenyekiti alikiri. Alisema ghuba la taka likijaa hawana pa kuweka, na guta haliwezi kufika dampo. Tulikubaliana wavitunze kwenye mapipa yenye mifuniko mpaka siku ya gari la dampo. Wamejitahidi, lakini mwezi uliopita nilipita nikaona moshi tena. Hii ndiyo kasoro yao kubwa na naiandika ili waisome. Pempasi za watoto hasa ndizo zinazowashinda, na zinashinda kila mtu niliyemuuliza.

Kuna jambo jingine ambalo siku ile lilinikaa moyoni. Tukiwa tumekaa chini ya mchikichi, yule binti wa daftari alichora ziwa kwenye vumbi kwa kijiti. Tanganyika ni refu kama gari linavyokimbia kutwa nzima, lakini mto unaotoa maji ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Kina cha ziwa kinafika mita 1,470. Na maji ya chini kule hayapandi kuchanganyika na ya juu kama kwenye ziwa lenye kina kifupi. Kwa hiyo, akasema, kinachozama kimezama, hakuna wa kukitoa, na nchi nne zinakunywa humo. Nimezaliwa kando ya ziwa hili na nilikuwa naliona kama kitu kinachosafisha. Ukitupa, asubuhi hakipo. Sikuwahi kujiuliza kimekwenda wapi.

Wavuvi wamekuwa wakituambia. Wanainua wavu alfajiri, humo mna dagaa na humo mna lailoni. Mimi mwenyewe kabla ya kukaanga huwa namwaga dagaa kwenye ungo na kuwachambua, na zamani nilikuwa naondoa mchanga na vijiti, siku hizi naondoa vipande vya plastiki vyembamba kama magamba. Mteja mmoja alikiokota kimoja kwenye sahani yangu, akakiweka pembeni bila kusema neno, akala. Na watu wa huku tunajua ziwa lisilotoa samaki linakuwaje. Uvuvi ulipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, nilipika maharage na mchicha miezi mitatu, na nusu ya wateja wangu walikuwa wamekwenda kutafuta vibarua kwingine. Sikupinga kufungwa, samaki walikuwa wamepungua. Lakini kukaa miezi mitatu tukiwapisha samaki wazaane, halafu tukaendelea kuwamwagia lailoni, hesabu hiyo haikubali.

Vijana hawa ndio walionibadilisha namna ya kufungasha, na hili halimo kwenye ile elfu tano, wanalifanya bure. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza 1 Juni 2019. Nakumbuka wiki ile, kila mtu anaficha rambo zake, na habari kwamba ukikutwa umeubeba faini haipungui shilingi 30,000. Rambo ziliondoka kweli. Mahali pake zikaja zile lailoni nyepesi za kuonyesha ndani, zisizo na mkono, ambazo kazi yake halali ni kufungashia bidhaa, wala si kubebea mizigo. Wauza vyakula tukazishika. Mchuzi kwenye lailoni, ugali kwenye lailoni, dagaa kwenye lailoni. Mimi nilikuwa nanunua za shilingi 4,000 kila wiki.

Walikuja wanne jioni moja, wakanunua chakula kwanza, wakala, ndipo wakaniuliza kama tunaweza kuzungumza. Hawakunitisha na sheria. Tulipiga hesabu kwenye ukurasa wa mwisho wa lile daftari. Nikanunua mabakuli ishirini yenye mifuniko. Mteja wa kubeba anaacha shilingi 2,000, akirudisha bakuli anarudishiwa yake. Dagaa wakavu wa kukaanga na mihogo naweka kwenye mifuko ya kaki. Ugali nafunga kwa jani la mgomba, kama alivyokuwa akifunga mama yangu, na wazee wananiambia unanukia vizuri zaidi. Mabakuli matano hayajarudi, lakini elfu mbili za wenyewe ninazo. Pesa ya lailoni sasa naweka kwenye kaki na inabaki kidogo. Wateja wawili walihamia kwa jirani kwa sababu ya bakuli. Mmoja amerudi, anakuja na hotpoti yake.

Nilimuuliza mwenyekiti wao haya mambo ameyatoa wapi. Akasema alianza shuleni, kwenye klabu ya Roots & Shoots, wakipanda miti na kuokota taka. Mimi boti za watalii wa Gombe zinapakia mbele ya kibanda changu kila siku na sikujua kwamba hizo klabu zilianzishwa na yule mama wa sokwe. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, na mwaka 1991 akiwa Dar es Salaam akaanza na wanafunzi 12 tu. Alipofariki, 1 Oktoba 2025, Ijumaa yake vijana hawa walimaliza mzunguko wa taka kisha wakafagia mwalo wote kuanzia zinapofunga boti mpaka kwenye vichanja vya dagaa. Hawakutumia kipaza sauti. Nilipika chungu cha uji nikawapelekea.

Kipaza sauti chenyewe nina neno nacho. Jumamosi za usafi wanaanza saa kumi na mbili asubuhi, wakati wavuvi wametoka kukesha ziwani ndio kwanza wameweka ubavu. Mtu aliyekesha na wavu hawezi kuupenda ujumbe unaomgonga kichwani saa ile. Nimewaambia waanze saa tatu, wamesema watalijadili, wanaendelea kulijadili. Mvua ikinyesha sana guta halishuki kwa sababu ile njia yetu inakuwa utelezi, na simu yao ya malalamiko mara nyingi haipatikani, bora umtume bodaboda. Pia vijana wanabadilika badilika. Wawili waliokuwa wazuri sana kwa kazi wamekwenda Dar, mmoja amerudi kwenye uvuvi, na kila akija mgeni inabidi umfundishe upya kiroba chako kinakaa wapi.

Halafu kuna glovu. Wanaokota kwa mikono mitupu. Mwezi wa nane yule anayeshika usukani alikatwa na chupa iliyovunjika kwenye kiroba cha nyumba moja, kiganja kikavimba, wiki mbili hakufanya kazi na wiki mbili hakupata kitu. Wameomba mkopo wa vijana, ule wa asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ili wanunue vifaa na guta la pili, na bado wanasubiri. Nilimpa jozi moja ya glovu ninazotumia kwa moto wa mawese, anazivaa mpaka leo. Kama wewe ni mteja wao, funga chupa zilizovunjika kwenye gazeti na uwaambie kwa mdomo. Hawa ni watoto wa watu.

Kwa mtu anayetaka taka ziondoke tu, asiulizwe kitu, hawa hawamfai, atagombana nao wiki ya kwanza. Kwa mwenye biashara ya chakula, saluni au duka la vinywaji hapa mwaloni na kule juu, mimi nasema awalipe, na awalipe mwanzoni mwa mwezi. Nyuma ya kibanda changu sasa pamefagiwa, nimepanda mchicha kwenye mboji yao, nimenunua viroba viwili, na bata wamehama. Picha ya pale walinipiga mwezi uliopita. Waliomba kwanza, nikavua aproni, nikajifunga khanga nzuri, nikasimama katikati.

Ukitaka kuanza, wasubiri Jumanne chini ya ule mwembe kabla guta halijateremka, muulize binti mwenye mfuko wa kitambaa akuandike. Viroba watakupa siku hiyo hiyo. Lailoni usiiweke kwenye jani.